HISANI NA HESABU
Somo juu ya Mlezi, Kijana na Mali



Somo letu la safari hii lahusu jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja, nalo ni fedha baina ya mlezi na kijana aliyemlea. Juu ya malezi twasema sana: chakula, ada za shule, adabu na nidhamu. Lakini siku kijana anapoanza kupata mali kwa nguvu za mwili wake mwenyewe, hutokea maswali ambayo hayakuwapo alipokuwa mdogo. Mali hii ni ya nani? Nani aitunze? Naye aliyeitunza amwonyeshe nani hesabu yake?

Ili tujifunze vizuri tumechagua kisa kimoja cha kweli kilichotokea Marekani, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee. Tumekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, chajulikana sana, na wahusika wenyewe wamekisema hadharani, hata mahakamani. Pili, ndani yake hakuna mlezi mkatili ampigaye mtoto na kumnyima chakula. Wamo watu waliomfungulia kijana mlango wa nyumba yao, dunia nzima ikawasifu, na hata hivyo miaka 19 baadaye walishitakiana. Kisa cha mlezi mkatili hutufunza kidogo, maana kila asikiaye husema, “Mimi si kama yule.” Kisa cha namna hii chatuhusu sote.

1. KIJANA MWENYEWE

Michael Oher alizaliwa Memphis tarehe 28 Mei 1986, mmoja wa watoto 12 wa mama yake. Mama alikuwa mtumwa wa madawa ya kulevya, na baba alikuwa akiingia na kutoka gerezani. Serikali iliwachukua watoto na kuwatawanya katika nyumba za walezi mbalimbali. Michael alihamahama, shule hii mwaka huu, shule nyingine mwaka ujao, na sisi tuliofundisha twajua mtoto wa namna hiyo huwa na madaftari ya aina gani.

Lakini alikuwa na mwili mkubwa wenye wepesi wa ajabu. Alipata nafasi katika shule ya Briarcrest Christian School, akawa analala leo kwa jamaa hawa, kesho kwa wale. Mwaka 2004 akakaribishwa nyumbani kwa Bwana Sean Tuohy na mkewe Leigh Anne, watu wenye uwezo mkubwa, wenye biashara ya migahawa mingi. Walimpa chumba, nguo na chakula, na wakamtafutia mwalimu wa kumsaidia masomo. Alama zake zikapanda, naye akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Mississippi.

Mchezo wake ulikuwa mpira wa Kimarekani, ule uchezwao zaidi kwa mikono, wachezaji wakiwa wamevaa kofia ngumu. Kazi ya Oher ilikuwa kumlinda mrushaji wa mpira asiangushwe kutoka upande asioweza kuuona wakati anapojiandaa kurusha. Ni kazi ya mtu mkubwa, mwenye nguvu na miguu myepesi, nayo hulipwa vizuri sana. Mwaka 2009 timu ya Baltimore Ravens ilimchagua katika duru ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya, na Februari 2013 alikuwa miongoni mwa wachezaji wa timu hiyo walioshinda ubingwa wa nchi nzima.

2. HABARI YA MAISHA YAGEUKA MALI

Mwaka 2006 mwandishi Michael Lewis alitoa kitabu, The Blind Side, ambacho sehemu yake kubwa ni habari ya Oher na jamaa ya Tuohy. Jina lake lina maana ya upande ule usioonekana. Mwaka 2009 kitabu kikafanywa filamu. Mchezaji wa filamu Sandra Bullock, aliyeigiza kama Bibi Tuohy, alipata tuzo kuu ya filamu ya Marekani, yaani Oscar, mwaka 2010. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 300 katika majumba ya sinema ya dunia.

Hapa tusimame kidogo. Tumezoea kuhesabu mali kuwa ni shamba, nyumba, ng'ombe na mshahara. Katika kisa hiki mali ilikuwa habari ya maisha ya mtu. Njaa aliyoiona utotoni, nyumba alizofukuzwa, na siku alipopata kitanda chake mwenyewe, vyote viliuzwa tiketi. Mwili wa mchezaji huchoka upesi. Oher alicheza mechi zake za mwisho mwaka 2016, akiwa na miaka 30. Lakini jina na habari yake vyaweza kuingiza fedha muda mrefu baada ya magoti kuchoka. Kwa hiyo anayemsimamia kijana mwenye kipaji husimamia na jina lake pia.

Tena Oher mwenyewe hakufurahia namna alivyoonyeshwa. Katika kitabu chake cha mwaka 2011 alilalamika kwamba filamu ilimfanya aonekane mzito wa akili, mtu aliyefundishwa mchezo na wengine, hali yeye alikuwa akiujua na kuusoma tangu zamani. Jina la mtu laweza kuumizwa hata kama mfuko wake umejazwa.

3. KARATASI YA MWAKA 2004

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Watu wote waliosoma kitabu au kuona filamu waliamini kwamba jamaa ya Tuohy walimfanya Michael kuwa mtoto wao kisheria. Haikuwa hivyo. Mwaka 2004, mara baada ya kutimiza miaka 18, alitia sahihi karatasi iliyowafanya wawe wasimamizi wake, na kabla ya mwaka kwisha mahakama ikakubali.

Yatupasa kutofautisha mambo matatu, maana wengi huyachanganya.

Kwanza, kuasili mtoto. Mahakama ikiisha kutoa amri, mtoto huyo huwa wa jamaa hiyo kama aliyezaliwa humo. Hupata haki za mwana, na haki zake mwenyewe hazipungui.

Pili, ulezi wa mtoto. Mlezi hutunza mtoto na mali yake mpaka atakapokuwa mtu mzima. Akisha kuwa mtu mzima, kazi ya mlezi imekwisha.

Tatu, usimamizi wa mtu mzima. Katika sheria ya Tennessee huu umewekwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye, kwa ugonjwa au ulemavu, hawezi kujiamulia mambo yake. Msimamizi hupewa mamlaka ya kuamua badala yake, kwa mfano juu ya mikataba. Mtu huyo hawi mwana wa msimamizi, bali baadhi ya haki zake za mtu mzima huhamia mkononi mwa mwingine.

Michael hakuwa mgonjwa wala mlemavu. Alikuwa kijana mwenye afya, aliyekuwa akijiandaa kwenda chuo kikuu. Kwa nini basi ikatumika njia ya tatu? Bwana Tuohy alieleza mwaka 2023 kwamba yeye alikuwa mfadhili wa michezo ya Chuo Kikuu cha Mississippi, na chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu kilikuwa na mashaka juu ya msaada aliompa kijana anayetaka kuchezea chuo hicho. Ilibidi Michael awe wa jamaa yake kwa njia fulani ya kisheria. Alisema wanasheria waliwaambia kwamba mtu aliyepita miaka 18 hawezi kuasiliwa. Lakini sheria ya Tennessee yaruhusu kumwasili hata mtu mzima.

Oher naye aliandika katika kitabu kile cha mwaka 2011 kwamba walifanywa wasimamizi wake, na kwamba alielezwa kuwa maana yake ni karibu sawa na kuwa wazazi waliomwasili. Kwa hiyo neno alilisikia; maana yake ndiyo aliyoijua baadaye, kwa jinsi alivyoieleza mahakama. Alisema aliitambua Februari 2023, akiwa na miaka 36.

4. KESI YA MWAKA 2023

Tarehe 14 Agosti 2023 Oher alipeleka madai katika mahakama ya mirathi ya wilaya ya Shelby, huko huko Memphis. Aliomba usimamizi ule ukomeshwe, jamaa ya Tuohy wazuiwe kutumia jina na sura yake, watoe hesabu ya fedha walizopata kwa ajili yake, na wamlipe haki yake. Alidai kwamba wao na watoto wao wawili walilipwa kwa ajili ya filamu, dola 225,000 kila mmoja pamoja na sehemu ya faida, naye hakupata kitu. Alidai pia kwamba kuna mkataba wa mwaka 2007 unaotoa haki ya habari ya maisha yake bila malipo yoyote, wenye sahihi inayofanana na yake, ambao yeye hakumbuki kuutia sahihi.

Jamaa ya Tuohy walikana. Walisema fedha za filamu ziligawanywa sawasawa kwa watu watano, Michael akiwa mmoja wao. Walisema hawakuhitaji fedha za kijana, maana walikuwa nazo zao. Wakasema pia kwamba kabla ya kwenda mahakamani aliwadai dola milioni 15 la sivyo angewatangaza vibaya. Kuhusu usimamizi, walisema wako tayari uondolewe.

Tarehe 29 Septemba 2023 Jaji Kathleen Gomes aliukomesha usimamizi huo. Alisema katika miaka 43 ya kazi yake hajapata kuona usimamizi wa namna hiyo ukiwekwa juu ya mtu asiye na ulemavu, na kwamba ilimsumbua kuona uliwahi kukubaliwa. Lakini hakuyafuta madai ya fedha. Hayo aliyaacha yaendelee.

Novemba 2023 jamaa ya Tuohy wakatoa hesabu mahakamani. Ilionyesha kwamba katika miaka ile Michael alilipwa dola 138,311 na senti 1 kutokana na filamu.

Hebu tufanye hesabu kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Ukizidisha dola 138,311 kwa watu 5 utapata dola 691,555. Kampuni iliyotengeneza filamu ilisema katika mwaka huo huo wa 2023 kwamba ililipa kama dola 767,000 kwa wakala aliyewawakilisha jamaa ya Tuohy na Oher pamoja. Tofauti ni kama dola 75,000, yaani karibu sehemu moja ya kumi, na mawakala huchukua ujira wao kabla ya kupitisha fedha. Hatusemi kwamba hesabu yetu yamaliza kesi, maana kuamua ni kazi ya mahakama. Tena hata kama mgawo ulikuwa sawa, labaki swali jingine: je, ni haki kugawa sawa kwa watu watano fedha za habari ambayo chanzo chake ni maisha ya mtu mmoja? Watu wenye akili waweza kutofautiana juu ya hilo.

Lakini jambo moja ni wazi. Kujumlisha na kugawanya kule kulihitaji penseli na karatasi tu. Sheria yamtaka msimamizi apeleke hesabu mahakamani kila mwaka, na Oher alilalamika kwamba kwa miaka 19 haikupelekwa. Kama hesabu ingetolewa mwaka 2010, na 2011, na kuendelea, kijana angeiona, angeuliza, angejibiwa, na jamaa wangekula pamoja. Kwa sababu haikutolewa, shaka ilipata nafasi ya kukua miaka yote hiyo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kisa hiki twaweza kuongeza kwamba hata mali isiyopotea, ikiwa haina daftari, yaweza kupoteza jamaa.

5. VISA VIWILI VYA ZAMANI

Mtu asidhani jambo hili limeanza juzi, wala kwamba huwapata walezi wa kambo peke yao.

Mtoto Jackie Coogan aliigiza pamoja na Charlie Chaplin katika filamu The Kid ya mwaka 1921, akapata mamilioni ya dola tangu utoto. Alipokuwa mtu mzima alikuta fedha karibu zote zimetumiwa na mama yake na baba yake wa kambo. Mwaka 1938 aliwashitaki, akaambulia kama dola 126,000 tu, kwa kuwa sheria ya siku zile katika jimbo la California ilihesabu mapato ya mtoto kuwa ni mali ya wazazi. Watu walikasirika, na mwaka 1939 ikatungwa sheria inayojulikana kwa jina lake. Tangu ilipoimarishwa mwaka 2000, mapato ya mtoto ni yake mwenyewe, na asilimia 15 haina budi kuwekwa akiba mpaka awe mtu mzima. Sheria hiyo haiwahusu waigizaji tu, yawahusu pia watoto wanaolipwa kwa kucheza michezo.

Kisa cha pili ni cha binti, Dominique Moceanu. Mwaka 1996, akiwa na miaka 14, alipata medali ya dhahabu ya jimnastiki pamoja na timu ya Marekani katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 17, alikimbia nyumbani, akaenda mahakamani mjini Houston kuomba atambuliwe kuwa mtu mzima. Alidai kwamba fedha alizochuma tangu utotoni zilitumiwa na wazazi wake bila yeye kujua zimekwenda wapi. Oktoba 1998 mahakama ilimkubalia. Hao walikuwa baba na mama waliomzaa. Damu peke yake haitoshi kuwa ngao. Wazazi nao wanahitaji daftari.

6. TUJIFUNZE NINI?

Twapenda kutoa mafunzo manne, kila mmoja ayapime.

Funzo la kwanza: Neno “mwanangu” ni tamu, lakini halina kazi mahakamani. Twaweza kumwita mtoto wa ndugu “mwanangu” maisha yote, na kwa moyo ni kweli. Lakini siku ya mirathi, au siku ya mkataba, karatasi ndiyo isemayo. Kama nia yako ni kumfanya mtoto awe wako, mwasili kwa amri ya mahakama, na yeye akiwa mkubwa wa kutosha aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kama nia yako ni kumsaidia kwa muda, mwambie hivyo pia. Kumdanganya ni vibaya. Kumwacha aelewe visivyo kwa sababu kueleza ni kazi ngumu ni jirani yake.

Funzo la pili: Hisani haifuti hesabu. Hapa ndipo watu wema hukwama. Mlezi hujisemea moyoni, “Nimemlisha, nimemsomesha, nimemwuguza, atanidai daftari mimi?” Lakini wema ni kitabu kimoja na fedha ni kitabu kingine. Chakula ulichompa hakikupi ruhusa ya kunyamaza juu ya fedha zake, wala yeye kuuliza fedha zake si kukana chakula chako. Mlezi atoaye hesabu kabla hajaulizwa humlinda kijana asiibiwe, naye hujilinda asishukiwe.

Funzo la tatu: Hisani si mkopo. Husemwa, ukiona vyaelea, vimeundwa, na ni kweli kwamba nyuma ya mchezaji hodari pana watu waliomwunda. Lakini husemwa pia, tenda wema nenda zako. Mtu akitaka kurudishiwa gharama zake, hilo si dhambi, ila na aliseme mwanzoni, kwa kiasi kinachojulikana, mbele ya mashahidi. Lililo baya ni kutoa kama zawadi wakati mtoto hana kitu, kisha kuligeuza deni siku anapotia sahihi mkataba wa kwanza, tena deni lisilo na kiasi wala mwisho. Na kijana naye akumbuke kwamba kushukuru ni kazi yake, hata baada ya hesabu zote kulingana.

Funzo la nne: Usimamizi uwe na mwisho. Mwalimu mwema hufurahi mwanafunzi anapoweza kusoma bila yeye. Usimamizi wa Memphis uliwekwa juu ya kijana wa miaka 18, naye alikuwa na miaka 37 ulipoondolewa. Kama kweli haja yake ilikuwa kuridhisha chama cha michezo ya vyuo, haja hiyo iliisha alipotoka chuoni mwaka 2009. Hakuna aliyekumbuka kuuondoa, au hakuna aliyetaka. Kwa kijana matokeo ni yale yale.

7. NA KWETU JE?

Msomaji atauliza, hayo ya Marekani yatuhusuje? Filamu hatuna, lakini vijana wenye vipaji tunao, na mpira una sheria za dunia nzima zinazofika hata kiwanja cha kijijini. Yafaa wazazi na walezi wazijue angalau tatu.

Kwanza, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Dunia, FIFA, limekataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika kanuni zake. Mtu akija kwako na habari ya kumpeleka mtoto wa miaka 15 kucheza ng'ambo, anza na swali hilo.

Pili, mkataba wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 haupaswi kuzidi miaka mitatu.

Tatu, tangu Mei 2015 ni marufuku kwa mtu wa nje kumiliki sehemu ya bei ya mchezaji. Mfadhili aliyemnunulia viatu na nauli, au mjomba aliyemlipia ada, hawezi kusema, “Siku akiuzwa, nusu ni yangu.” Karatasi ya namna hiyo ni kinyume cha kanuni, hata ikiwa na mihuri mitatu.

Aidha, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yasema kuwa mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini kisa cha Oher chatufundisha kwamba hatari haiishi siku hiyo. Kijana wa miaka 18 na siku moja ni mtu mzima mbele ya karatasi, na bado ni mtoto mbele ya mtu anayempenda na kumwambia, “Tia sahihi hapa.” Siku hiyo ndiyo anapohitaji zaidi mtu wa kumsomea polepole, tena mtu asiyetarajia kupata chochote katika mkataba ule.

Kwa wanaolea vijana wenye kipaji, hata kama fedha ni kidogo kama posho ya mechi, twashauri hivi. Nunua daftari, andika kila kilichoingia na kilichotoka, pamoja na tarehe. Fedha za kijana zikae mbali na za nyumbani, katika akaunti ya benki yenye jina lake. Kila mwisho wa mwaka mkae, wewe na yeye na mtu wa tatu mnayemwamini, mwasome kurasa hizo kwa sauti. Kila karatasi atakayotia sahihi, apewe nakala yake siku hiyo hiyo. Na muandike tangu mwanzo siku ambayo usimamizi wako utakwisha.

Walioisoma 2 Samweli wamkumbuke Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli, aliyekuwa na kilema cha miguu. Mfalme Daudi alimrudishia mashamba ya babu yake, akamweka Siba ayasimamie (sura ya 9). Baadaye Siba alikuja na maneno yake, na Mefiboshethi akaja na ya kwake (sura ya 16 na ya 19). Mfalme, akiwa na maneno ya hawa wawili tu, aliamua mashamba yagawanywe. Mgawo wa namna hiyo ni hukumu ya mahali pasipo na daftari, na kwa yakini mmoja kati ya wawili wale alionewa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kuasili mtoto, kumlea, na kumsimamia mtu mzima.

2. Je, ni haki fedha za filamu kugawanywa sawa kwa watu watano? Kikundi kigawanyike pande mbili, kila upande utoe sababu zake.

3. Baba mdogo amemlea kijana kwa miaka kumi. Kijana anapata mkataba wa kwanza wa mpira. Baba mdogo ana haki ya kutarajia nini, na hana haki ya kudai nini?

4. Nani katika mtaa wenu aweza kumsomea kijana mkataba bila kutaka sehemu yake? Mtajeni jina, kisha mkamwulize kama yuko tayari.

Swali la nne lisiachwe kwa sababu ya saa kwisha.